Iago Hana Kwato

Katika onyesho letu la Othello mimi nilikuwa mtu ambaye watazamaji hawakutakiwa kujua kama yupo. Nilikaa pembeni, upande wa kushoto, nyuma ya pazia, mswada mapajani na tochi ndogo mkononi, nikingoja mtu asahau maneno nimnong'oneze. Kazi ile inaumiza mgongo, lakini ina nafasi ambayo hata aliyenunua tiketi ya mbele haipati. Unamwona mwigizaji kabla hajaingia, unamwona akiwa mbele za watu, unamwona tena anapotoka. Na kwenye upenyo wa pazia unaona nyuso za walioketi safu za mbele. Nilimwona Iago wetu akimwangamiza rafiki yake kwa maneno ya huruma, halafu akatoka na kuniuliza kama maji ya kunywa yamebaki.

Kwa asiyeijua hadithi nitaipitisha haraka. Othello ni tanzia ya William Shakespeare, na kumbukumbu zinaonyesha ilichezwa katika kasri la Whitehall, London, tarehe 1 Novemba 1604. Othello ni jemadari mweusi, mgeni, anayeutumikia mji wa Venice. Amemwoa kwa siri Desdemona, binti wa seneta. Mshika bendera wake, Iago, ana kinyongo kwa sababu cheo cha unaibu alichokitaka amepewa kijana aitwaye Cassio. Venice inampeleka Othello kisiwani Kupro kupambana na Waturuki, na huko, kwa muda mfupi wa kushangaza, Iago anamwaminisha kwamba mkewe ana uhusiano na Cassio. Othello anamziba mkewe pumzi kitandani, kisha anagundua kwamba hapakuwa na lolote, naye anajiua. Hadithi ndiyo hiyo. Kinachotisha ni namna inavyofika huko.

Hayati Mwalimu Nyerere alitutangulia kutafsiri Julius Caesar mwaka 1963, na mwaka 1969 ikatoka tafsiri yake ya pili, Mabepari wa Venisi. Othello tulijitafsiria wenyewe, hapa Tanga, jioni baada ya kazi, kwa ugomvi mwingi na chai nyingi. Kikundi chetu kilikuwa cha watu wa kila namna: walimu wawili (mimi mmojawapo), karani wa bohari, muuguzi mwanafunzi, mama mmoja muuza vitenge mwenye sauti ya kujaza uwanja wa mpira. Mwongozaji alikuwa mzee mstaafu aliyewahi kufundisha sanaa za maonyesho, mkali kwa maswali kuliko kwa kelele.

Karani wa bohari ndiye aliyepewa Iago. Ni kijana mpole, anayeanza sentensi kwa "samahani". Wiki za kwanza alimcheza Iago kama tunavyowajua wabaya wa kwenye filamu: jicho la pembeni, sauti ya chinichini, viganja vinasuguana. Sisi wengine tulifurahi. Mwongozaji alimwacha amalize, akamuuliza, "Kijana wangu, mtu wa namna hiyo wewe ungemwazima baiskeli?"

Akasema, "Hapana, mzee."

"Sasa Othello, mtu aliyeongoza majeshi tangu ujana wake, atampaje mke wake mpya amsindikize safari ya baharini?"

Maana ndivyo ilivyo kwenye mchezo. Othello anapoondoka Venice, anayekabidhiwa Desdemona ni Iago. Tukarudi kwenye mswada kuangalia watu wanamsemaje. Sifa ya ukweli na uaminifu imetajwa mle zaidi ya mara 50, na sehemu kubwa anabandikwa Iago. Othello anamwita hivyo. Cassio, ambaye Iago ndiye aliyemwangusha, anamwita hivyo. Desdemona naye pia. Hakuna anayemtazama mtu huyu akaona jicho la pembeni. Basi wanaona nini?

Jibu tulilipata ufukweni Kupro, mahali ambapo wasomaji wengi hupapitia haraka kwa sababu hapana tukio. Meli ya Othello haijafika, bahari imechafuka, Desdemona ana wasiwasi. Iago anajaza muda kwa mizaha kuhusu wanawake, mizaha mikavu ya kambini, mbele ya bibi mkubwa. Mkewe Emilia yupo pale pale na anasemwa. Cassio, mwenye adabu za mjini, anamwombea radhi kwa Desdemona: huyu anasema wazi, mchukulie kama askari, usimchukulie kama msomi. Mwongozaji akapiga meza. "Mnaona? Huyu ni mtani wao!"

Kuanzia jioni ile Iago wetu akabadilika. Akaanza kusema kwa sauti kubwa. Akawa anacheka kabla ya wenzake, anawapiga watu mabegani, anaingia jukwaani na hindi la kuchoma. Kila ukoo unaye mtu wa aina hiyo. Msibani ndiye anayewachekesha wafiwa, harusini ndiye anayesema bwana harusi kakonda, kwenye kikao ndiye anayetamka ambalo wote walikuwa wanalimeza. Kwa kuwa anasema machungu hadharani, tunaamini hana alichobakiza moyoni. Nilianza kumpenda, na nilikuwa nimeshika mswada wenye kila uovu wake.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiria upya malezi yetu ya pwani. Tumefundishwa kumwogopa mwenye maneno laini. Tuna msamiati mzima kwa ajili yake: mnafiki, mzandiki, ndumilakuwili, anayekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini mtu akisema, "Mimi sina unafiki, nakwambia usoni hata kama utachukia," tunamfungulia mlango bila kumkagua. Ukali wake ndio kitambulisho chake. Shakespeare aliliona hilo zaidi ya miaka 400 iliyopita, na sijakutana na mwandishi mwingine aliyelionyesha kwa uchungu kiasi kile. Wenzangu kwenye mazoezi walipenda kusema "kikulacho ki nguoni mwako". Sawa, lakini methali hiyo haijawahi kumwambia mtu ni nguo ipi.

Sasa nije kwenye jambo lililonibadilisha kuliko yote. Mafundi seremala walikuja kutujengea jukwaa. Hawakuwa wameona mazoezi, hawakuijua hadithi. Mwongozaji akawaomba wapumzike, wakae chini, watazame kipande. Akatuchezesha kuanzia katikati: ugomvi wa ulevi wa Cassio, kisha mazungumzo marefu ya Othello na Iago, kisha Othello anavyomdai mkewe leso. Ila alifuta kitu kimoja. Kila mahali ambapo Iago hubaki peke yake na kuwaambia watazamaji anachokusudia, alipafuta.

Tazama kilichobaki. Cassio amelewa na kumjeruhi mtu. Othello anamtaka Iago aeleze. Iago anasema afadhali akatwe ulimi kuliko kumdhuru Cassio, halafu kwa shingo upande anaeleza yote. Othello anaona kabisa kwamba Iago anajaribu kumpunguzia rafiki yake kosa. Baadaye Cassio anaonekana akiagana na Desdemona na kuondoka haraka Othello anapokaribia, na Iago anaguna tu kwamba hakulipenda lile. Anaulizwa, anasita. Anauliza swali moja dogo. Anarudia neno la mwenzake kama mwangwi. Anabanwa aseme, anakataa, anamsihi jemadari wake ajihadhari na wivu. Ukisoma bila yale ya siri, unamwona mtu anayevutwa kwa nguvu kutoa ambalo hataki kulitoa.

Mwongozaji akawauliza mafundi: nani hapa ana makosa?

Fundi mkuu hakusita. "Huyo mke ana neno."

"Kwa nini?"

"Kaulizwa leso, kasema haijapotea, na imepotea. Halafu badala ya kujibu anaanza habari za yule kijana. Mwenye jambo ndiye anayehamisha mazungumzo."

Mwenzake akaongeza kwamba yule rafiki anajitahidi sana, mpaka anamkanya mwenzake asiwe na wivu. Mama aliyetuletea chai alisema tu kwamba Cassio ana haraka ya mtu aliyeiba.

Ndipo Iago wetu akasimama katikati ya mbao na misumari akawasomea yaliyofutwa. Fundi mkuu alikasirika kweli. "Sasa mbona hamkutuambia?" Ilikuwa sauti ya mtu aliyetapeliwa, si ya mtu aliyechezewa mzaha.

Nafundisha sekondari, na nimesahihisha insha nyingi zinazosema Othello ni mjinga. Siku hizi nikiliona neno hilo nawasimulia wanafunzi habari ya fundi. Sisi wasomaji tunajua ukweli kwa sababu mhalifu mwenyewe ametuita pembeni akatuambia. Werevu wetu haukuhusika. Ondoa yale maneno ya siri, na ushahidi wote uliobaki mezani unamwelekea mwanamke asiye na hatia. Hata lile ambalo Iago analisema la kweli linamkandamiza: alimdanganya baba yake akaolewa na wewe. Ni kweli, alimficha baba yake. Baba mwenyewe alimwachia Othello onyo hilo alipokuwa anatoka barazani. Iago analiokota tu, analihifadhi, analitoa siku yake.

Na leso. Nimeisoma tamthiliya hii miaka mingi, lakini ni mpaka nilipokaa pembeni na mswada ndipo nilipoona inavyoanguka. Othello anasema kichwa kinamuuma. Desdemona anatoa leso amfunge. Othello anasema ni ndogo, anaisukuma, inaanguka, na anamwambia mkewe waiache, waingie ndani. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiangusha, na ndiye aliyesema iachwe! Emilia anaiokota kwa sababu mumewe alishamsumbua mara nyingi amletee. Hadithi ambayo Shakespeare aliichukua, ya Mwitaliano Giraldi Cinthio, iliyochapishwa 1565, ilikuwa nyepesi zaidi: mshika bendera anaichomoa leso kwa mkono wake wakati Disdemona (ndivyo Cinthio anavyoliandika jina) amembeba mtoto wa miaka mitatu wa mshika bendera huyo. Pale mwizi ni mwizi. Shakespeare aliufuta wizi ule akaiacha leso ianguke mbele ya macho ya wenye nayo, na hakuna aliyeiona.

Othello anadai ushahidi wa macho. Anautaka kwa hasira, anamkaba Iago. Na anaupata! Anafichwa mahali, anamtazama Cassio akicheka. Iago anamhoji Cassio kuhusu Bianca, mwanamke anayemfuatafuata Cassio pale mjini, lakini Othello haambulii maneno, anaona kicheko tu, na anakijaza maana yake mwenyewe. Kisha Bianca anaingia na leso ile ile mkononi. Macho ya Othello hayakudanganywa: leso ni yake, na imetoka kwa Cassio. Baada ya hapo anamgeukia Iago na kuuliza, "Ile ilikuwa yangu?"

Othello wetu, mwalimu wa hisabati, aligoma kulisema swali hilo. Akasema halina maana, kwani ameshaiona. Mwongozaji akamwambia hapo ndipo penye mchezo. Mtu ameomba aone kwa macho yake, ameona, na bado anamuuliza mwingine ameona nini.

Tuliingia kwenye mvutano mkubwa kuhusu onyesho la Baraza la Venice mwanzoni. Umeme wa ukumbi ule haukuaminika, mwongozaji alitaka kupunguza muda, na wengi waliona lile ni porojo za vita. Mimi, msoma mswada nisiye na sauti kwenye maamuzi, niliipinga hoja hiyo. Nilisema likiondolewa hilo, mchezo unabaki kuwa habari ya mume mwenye wivu.

Tazama kinachotokea. Usiku, watawala wamekaa na barua. Moja inasema meli za Waturuki ni 107, nyingine 140, nyingine 200. Hawapagawi. Wanasema hesabu za kukisia hupishana, lakini zote zinakubaliana kwamba kuna kundi la meli na linaelekea Kupro. Anaingia baharia na habari mpya: zinaelekea kisiwa kingine, Rhodes. Seneta mmoja anakataa. Anapima: Kupro ina faida gani kwa Mturuki, na ina ulinzi kiasi gani ukilinganisha na Rhodes? Anahitimisha kwamba lile ni igizo la kututazamisha kwingine. Punde anafika mjumbe: kweli, meli zile zimeungana na nyingine kama 30 na zimegeuza kurudi Kupro. Watu wazima wamekaa, wamelinganisha, hawakupumbazwa na kilichoonekana. Shakespeare ametuonyesha kwamba inawezekana.

Othello anaingia baada tu ya hapo. Lile hakulisikia. Lakini linalofuata analisikia vizuri, maana linamhusu. Baba yake Desdemona anamshtaki kwamba amemroga binti yake. Mtawala wa Venice anajibu kwamba kushtaki si kuthibitisha. Na Othello mwenyewe anaomba jambo moja: mwiteni binti aseme mbele ya baba yake. Anaitwa, anasema, shtaka linaanguka pale pale. Usiku ule Othello aliokolewa na watu waliokubali kumwita mtu na kumuuliza.

Sasa ruka mpaka kitandani, mwisho wa mchezo. Othello anamwambia mkewe kwamba ameiona leso mikononi mwa Cassio. Desdemona analia, "Mwite mtu huyo umuulize." Ni ombi lile lile alilolitoa Othello barazani, limerudi kwa mdomo wa mkewe. Halikubaliwi. Cassio anaulizwa wakati maiti iko kitandani: ile leso uliipataje? Anajibu kwamba aliiokota chumbani kwake. Swali lenyewe ni fupi sana.

Onyesho la Baraza lilibaki, limekatwakatwa, maseneta wetu watatu ndio hao hao waliokuwa walinzi wa Kupro baadaye. Bado naona lilistahili zaidi.

Watazamaji wa Tanga hawakai kimya, na mimi sipendi ukumbi wa kimya. Othello alipoanza kumbana mkewe, wanawake wa safu ya pili walimpigia kelele: "Muulize kijana mwenyewe! Baba, mwite kijana!" Walikuwa wanasema maneno ya Desdemona kabla Desdemona hajayafikia. Na Emilia alipotoa yale maneno yake makali, kwamba anyongwe kama hakuna mlaghai fulani, mbembe wa vyeo, aliyetunga uzushi huu ili apate kazi, Iago akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwake na kumjibu kwamba mtu wa namna hiyo hayupo duniani, ukumbi mzima ulilipuka: "Si huyo hapo!" Emilia anamchora mumewe kwa kila alama na hamwoni. Analala naye kitanda kimoja. Mama wetu wa vitenge aliniambia baadaye kwamba kelele zile zilimtia kizunguzungu, kwa sababu alilazimika kusimama pale asisikie kile ambacho watu mia walikuwa wanampigia yowe.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni miguu. Siri ikishafichuka na Iago akaletwa amefungwa, Othello anasema anatazama chini kwenye miguu yake, kisha anajisahihisha kwamba hiyo ni hadithi tu. Waingereza wa wakati ule walielewa mara moja: shetani ana kwato. Tulijadili kama tuweke maelezo kwa ajili ya watu wetu. Hayakuhitajika hata kidogo. Nani hapa pwani hakukua na habari ya mwanamke mzuri ajabu, manukato yanakutangulia, mnatembea naye usiku mpaka unapoinamisha macho na kuona kwato? Othello wetu alipotazama chini, nilichungulia kwenye upenyo nikaona safu nzima ya mbele imeinama kuitazama miguu ya Iago. Alikuwa amevaa viatu vyake vya bohari, vyenye vumbi la simenti.

Baada ya onyesho mzee mmoja mwenye kofia ya viua alimfuata mwongozaji. "Mngemvisha kwato, watu wangeelewa vizuri zaidi."

"Mzee mwenzangu," mwongozaji akasema, "angekuwa nazo, tungekuwa tumeshamaliza na kwenda kula tangu saa mbili."

Nyuma ya pazia, Desdemona aliyetoka kufa alikuwa anaulizia chips mayai kabla kibanda hakijafungwa. Nje nilimpita dada mmoja bado anajifuta machozi kwa ajili yake. Nikakumbuka habari ya Henry Jackson, msomi wa Oxford aliyeutazama mchezo huu mwaka 1610 na kuandika kwa Kilatini jinsi Desdemona, akiwa amelala kitandani ameuawa, alivyowaomba watazamaji huruma kwa uso wake tu. Desdemona wa siku hizo alikuwa mvulana, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa jukwaani Uingereza. Jackson alilijua hilo na bado uso ule ulimshika. Kijana wetu wa Iago, kwa upande wake, alilipa gharama nyingine. Gengeni anakonunua nyanya kila siku, muuzaji alimwambia, "Kaka, wewe nakuuzia, ila leo ulipe kwanza."

Miezi michache baadaye mchezo ulinifuata mahali nisipoutarajia. Niko kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Mwanakikundi mmoja, mwanamume mwenye mdomo mkali, yule wa "mimi nasema usoni", alinivuta pembeni baada ya kikao. "Mwalimu, mimi sipendi maneno ya watu. Ila daftari la mwekahazina, mh." Akanyamaza. Nikamuuliza daftari lina nini. "Sijasema lina kitu."

Nywele zilinisimama. Nilikuwa nimeyasikia mazungumzo haya jioni baada ya jioni, na nilijua mstari unaofuata. Ule mguno, kule kusita, kule kukataa kusema: huyu hapa, nikajiambia, nimemkamata. Usiku nikamkumbuka kila neno alilowahi kusema kwenye vikao, na kila neno likapata maana mpya mbaya. Ukali wake, utani wake, hata ile tabia yake ya kuwahi kufika kabla ya wote. Ilinichukua muda kugundua ninachokifanya. Nilikuwa nimemfanya yeye Desdemona. Nilikuwa nimekaa gizani nikijaza kicheko cha mtu kwa maana yangu mwenyewe, nikiwa na uhakika kamili, kwa ushahidi wa sauti na mkunjo wa midomo.

Kikao kilichofuata niliomba daftari lisomwe mbele ya wote, ukurasa kwa ukurasa, bila kumtaja mtu. Mwekahazina alisoma. Palikuwa na rejesho moja la mkopo lililoandikwa chini ya jina la mwanakikundi mwingine, majina yanafanana. Fedha ilikuwepo yote sandukuni. Mwenye mdomo mkali alikuwa ameona tofauti hiyo kweli, hakuielewa, akaogopa kumvunjia mtu heshima, akaona aninong'oneze mimi kwa kuwa ni mwalimu. Aliomba radhi kwa mwekahazina mbele ya watu, kwa sauti yake ile ile ya ukali, na mwekahazina akamtania kwamba hata radhi yake inatisha.

Tangu hapo daftari letu husomwa kwa sauti kila mwisho wa mwezi, na yeye ndiye wa kwanza kulalamika kwamba linamchelewesha kula.